Leseni Ipo Ng'ambo ya Namanga: Mwongozo kwa Mnasihi Mpya wa Sakina

Hongera kwa kuhitimu. Joho umesharudisha, picha zimezunguka kwenye magrupu yote ya ukoo, na shangazi yako wa Ngaramtoni ameanza kukutambulisha kwa watu kama "daktari wa mawazo". Umerudi Sakina, Arusha, na shahada ya saikolojia na unasihi, deni la bodi ya mikopo, na imani kwamba kilichobaki ni leseni tu. Mwongozo huu ni wako. Hatua zake hazikukaa kwa mpangilio, lakini nawe hutazipita kwa mpangilio, kwa hiyo tusilaumiane.

Hatua ya kwanza: tafuta ofisi inayotoa leseni

Anzia afya, maana akili nayo ni afya. Vaa shati la mikono mirefu, beba bahasha ya kaki yenye nakala za kila cheti, zikiwa zimegongwa muhuri wa wakili. Afya watakuambia kwa upole kwamba wao wanashughulika na madaktari, wauguzi na wafamasia. Wewe jaribu ustawi wa jamii. Ustawi wa jamii, dada wa mezani atakigeuza cheti chako pande zote mbili, atakuuliza kama unaweza kuanza kujitolea Jumatatu kwa sababu mafaili yamefika dirishani, halafu atakuelekeza elimu. Elimu watataka kujua una masomo gani ya kufundishia, kwa kuwa shuleni kazi hiyo wanaifanya walimu wa malezi na unasihi. Kama unayo Kiswahili na Historia, mambo yako mazuri, ila utakuwa mwalimu. Kama huna, umeshajaribu afya?

Usiwakasirikie. Hakuna anayekuzungusha kwa makusudi. Kila mmoja amefungua kabati lake akatafuta fomu yako na hakuiona, kwa sababu fomu yenyewe haijawahi kuchapwa. Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Tunayo mabaraza ya madaktari, ya wauguzi, ya wafamasia. Sheria mahsusi ya kumsajili na kumsimamia mnasihi hatuna. Kipo chama cha wanasaikolojia, TAPA, na jiunge nacho maana utapata wenzako. Ila kadi ya chama haimzuii asiye na kadi kufungua ofisi mkabala na yako. Wanasaikolojia tiba wa hospitalini wana taratibu zao, siwaongelei hao. Nakuongelea wewe mwenye viti viwili vya plastiki na boksi la tishu.

Ukitoka elimu usipande gari. Rudi Sakina kwa miguu, na njiani uangalie watu wenye vibali. Dereva wa kifodi ana leseni, na kifodi chenyewe kina leseni ya LATRA. Mama lishe ana karatasi ya kupimwa afya. Kijana anayemwonyesha mzungu tembo kule Tarangire, Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka awe na leseni ya kuongoza watalii. Mganga wa kienyeji naye ana baraza lake, chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Anasajiliwa, anapewa cheti, anakitundika ukutani jirani na mgwisho. Kwa hiyo anayetaka kuonyeshwa tembo ataonyeshwa na mtu aliyethibitishwa. Anayetaka kusimulia aliyotendewa na baba yake mdogo akiwa darasa la pili, anaweza kumsimulia yeyote mwenye fremu.

Ukitamani kuiona leseni kwa macho yako, simama tu pembeni ya lami hapo Sakina utazame magari yanakoelekea. Hiyo ni barabara ya Nairobi. Mbele, kama kilomita 110 hivi, kuna Namanga, na ukishagongewa pasi upande wa pili unakuta Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, unakuta bodi, unakuta rejista. Abiria wa Noah na mabasi wanakupita kila siku kwenda kwenye nchi yenye rejista, na wengi wao wanafuata mitumba.

Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo mjini kwetu hapa hapa. Itifaki ya Soko la Pamoja inafanya kazi tangu Julai 2010, na chini yake wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi wametiliana saini za kutambuana vyeti. Maana yake ufa wa ukuta wa nyumba una makubaliano ya kikanda. Ufa wa ndoa iliyomo ndani ya nyumba hiyo bado unasubiri kikao.

Kama utajisikia mnyonge, jifariji kwa wakubwa. Uingereza, pamoja na vyuo vyote walivyonavyo, sheria haimkatazi mtu yeyote kujiita mnasihi. Kinachowabana ni rejista za hiari za vyama vyao. Marekani jimbo la kwanza kutunga sheria ya leseni lilikuwa Virginia, mwaka 1976, na la mwisho California, mwaka 2009. Miaka thelathini na mitatu kwa nchi iliyojaza makochi ya wanasaikolojia kwenye kila filamu. Ukipiga hesabu za namna hiyo, sisi hatujachelewa. Tunajinyoosha.

Hatua ya tatu: fungua ofisi

(Hatua ya pili ipo. Inasubiri saini ya mtu ambaye yuko safari. Tutairudia.)

Utatafuta fremu. Dalali atakuonyesha moja katikati ya saluni na wakala wa pesa, kodi ya miezi sita mbele, na ya mwezi mmoja ni yake kwa kukuonyesha kitu ulichokuwa ukikipita kila siku. Ukuta kati yako na saluni ni plaiwudi. Chuoni ulisoma kozi nzima ya usiri wa mteja, ukafaulu vizuri, na hakuna mahali plaiwudi ilipotajwa. Elewana mapema na dada wa saluni: mteja akianza kulia, yeye awashe draya.

Baada ya hapo, namba ya mlipakodi, kisha leseni ya biashara. Hapa Sakina tuko ukingoni mwa Jiji, ng'ambo kidogo tu ni Halmashauri ya Wilaya, kwa hiyo uliza kwanza fremu yako imelala upande upi. Wapo waliolipia upande wenye foleni fupi wakaja kufungiwa na upande mwingine. Afisa biashara atauliza unauza nini. Sema ukweli. Atapitisha kidole kwenye orodha yake, atapita vinyozi, atapita washonaji, atapita wauza vifaa vya ujenzi, na mwisho atakuweka mahali panapokaribiana nawe, kwenye ushauri wa kitaalamu, pamoja na watu wanaoandikia makampuni michanganuo ya biashara. Lipa, chukua risiti.

Sasa una leseni! Ipeleke ikawekewe plastiki ngumu, itundike juu ya kichwa chako, usawa ambao mteja aliyekaa hawezi kusoma maandishi madogo. Ina nembo ya taifa na ina saini. Utashangaa watu watakavyotulia wakiiona. Kwamba karatasi ya namna hiyo hiyo, yenye nembo ile ile, ipo kwa muuza spea wa jirani, hilo si kosa lako.

Bango nalo lina maarifa yake. Usijiite daktari, hata kama shangazi amekuruhusu. Na usiandike "Ushauri Nasaha" pekee yake. Watu wenye umri wa kuweza kukulipa waliyajua maneno hayo kwenye vituo vya kupima virusi vya UKIMWI. AMREF walianzisha vituo vya Angaza mwaka 2001, na kwa Watanzania wengi unasihi ukawa ni yale mazungumzo ya kabla ya kutobolewa kidole na yale ya kusubiria majibu. Vituo vile vilifanya kazi kubwa, na wanasihi wake walikaa na watu kwenye saa ngumu kuliko zote utakazozisoma kitabuni. Lakini hakuna kijana wa Mianzini atakayekubali kuonekana akiingia chini ya bango hilo mchana kweupe, halafu wenye bodaboda waanze kuulizana kama ana ngoma. Andika "Ofisi" tu, na namba ya simu. Watakaokuja watakuwa wameelekezwa.

Hatua ya nne: wajue washindani wako

Hapa tukae kidogo, maana wengi wakifika hapa hufunga fremu wakaenda kuuza nguo Kilombero.

Wewe unadhani umekuja kuleta huduma isiyokuwepo. Soma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101. Mwenye kutaka talaka hapokelewi mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu zilizotajwa, mpaka shauri lake lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza liandike kwamba limeshindwa. Mabaraza yapo kwenye kata, yapo makanisani, yapo BAKWATA. Kwa hiyo serikali ilishaamua zamani, wazazi wako wakiwa hawajakutana, kwamba wanandoa wasiachane bila kwanza kukalishwa mbele ya mtu wa tatu wakaongea. Ilikusahau wewe tu. Wajumbe wanachaguliwa kwa mvi, heshima na uwezo wa kukaa saa tano bila kuhitaji choo. Nami niseme bila utani wowote, wamo wazee humo wanaojua kumwacha mwanamke amalize sentensi yake, jambo ambalo wenye shahada wengi hatujalimudu.

Ukipanda kidogo kuelekea mlimani, kuna laigwanani, kiongozi wa kimila. Huyu hana bango wala miadi. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver alikuja kuwachunguza Waarusha, na mwaka 1963 kitabu chake kilieleza namna watu hawa wanavyomaliza migogoro kwa mazungumzo ya marika na koo, pande mbili zikibishana mpaka zikubaliane, bila hakimu wa kuamua juu yao. Kitabu hicho bado kinatajwa na wasomi wa usuluhishi Ulaya na Marekani. Yaani watu uliokuja kuwafundisha kwamba mazungumzo yanatibu ndio waliokwishaandikiwa kitabu kwa kuongea.

Wachungaji, mashehe, manabii wa mikesha ya Ijumaa: hao wako wazi usiku kucha, hawana kikomo cha dakika hamsini, na wana vipaza sauti.

Halafu kuna kumbukumbu ya Babu. Mwaka 2011, kijijini Samunge, Loliondo, humu humu mkoani kwetu, Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, aligawa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Foleni ya magari ikakata mbuga. Walikuja wakulima, walikuja mawaziri, zikaja na helikopta. Mzee huyo alifariki mwaka 2021, lakini bei yake imebaki vichwani mwa watu. Tazama alichokuwa anauza: safari moja, kikombe kimoja, unameza, unarudi nyumbani. Hakuna aliyeulizwa kuhusu utoto wake. Wewe unamwambia mtu aje mara sita, kila Jumanne, aongee yeye, alipe yeye, na mwisho atakuwa amejielewa zaidi.

Hatua ya tano: pokea mteja

Wateja wa Arusha wana msimu. Mvua za Aprili zikianza na watalii wakipungua, waongozaji na wapagazi wanarudi nyumbani kukaa, na nyumba nyingi hugundua kwamba baba na mama hawajawahi kukaa pamoja wiki tatu mfululizo. Jiandae kwa Mei. Wake za wanaapolo, wachimbaji wa Mirerani, wao hawana msimu. Wanakuja jiwe lisipopatikana, na wanakuja kwa haraka zaidi jiwe likipatikana.

Mteja wako wa kwanza atakuwa mama wa umri wa mama yako. Mambo yatakwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimemkuta mnasihi?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu ukae."

Atakaa. Atakuangalia kuanzia viatu kupanda juu. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Usijibu haraka, kwa sababu ukishataja ukoo utagundua aliimba kwaya moja na bibi yako. Chuoni walikufundisha kwamba mnasihi asiwe na uhusiano mwingine na mteja. Hawakukueleza umpate wapi mtu huyo kati ya Kwa Iddi na Ngaramtoni.

"Umeoa?" Au, kama ni dada, "Umeolewa?"

Hili ni swali la leseni. Ndiyo baraza lako la usajili hilo, limekaa kwenye kiti cha plastiki. Wapo vijana wenzako wanaovaa pete ya kununua Krokoni saa za kazi. Sikushauri, ila naelewa. Sema tu, "Bado, mama, lakini nimesomea kusikiliza." Hatofurahi, lakini nauli ameshalipa, ataendelea.

Atakueleza kwamba mzee ameuza kiwanja walichojenga bila kumwambia. Wewe, kwa kufuata mafunzo ya Carl Rogers, Mmarekani aliyetufundisha kumrudishia mteja hisia zake bila kumhukumu, utainama mbele kidogo na kusema:

"Kwa hiyo mama, unahisi kwamba kiwanja kimeuzwa bila kushirikishwa."

"Sihisi. Kimeuzwa."

"Na jambo hilo linakufanya ujisikieje?"

"Mwanangu, nimepanda kifodi mpaka mjini, nikapanda kingine mpaka hapa. Nimekuja unirudishie maneno yangu?"

Pumua. Rogers, aliyefariki mwaka 1987, hakuwahi kuulizwa swali hilo na mama wa Kisongo mwenye mkoba mapajani. Mama huyu anachotaka ni umwambie afanye nini, na ukikataa kabisa atakwenda kwa nabii atakayemwambia bila kusita. Mpe kitu kimoja cha kushika mkononi. Mwambie Sheria ya Ndoa, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na umwelekeze msaada wa kisheria uko wapi. Utakuwa umetoka nje ya mipaka ya taaluma yako kwa dakika tatu. Baada ya hapo atavuta pumzi, ataweka mkoba chini, na ndipo ataanza kusema kilichomleta, ambacho si kiwanja. Sasa Rogers anaweza kuingia.

Malipo sitayasemea sana kwa sababu hakuna mengi ya kusema. "Kumbe na kuongea kunalipiwa?" utaulizwa hivyo, wala si kwa ubaya. Bima ya afya inalipa watoa huduma waliosajiliwa. Kwa usajili, rejea hatua ya kwanza. Wengine watakuletea maparachichi. Pokea. Jambo jema ni kwamba bodi ya mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara, na wewe mshahara huna.

Hatua ya pili: msimamizi

Saini imepatikana, turudi nyuma.

Majimbo mengi ya Marekani hayampi mtu leseni ya unasihi mpaka afanye kazi takriban saa 3,000 akiwa chini ya mtu aliyekomaa kazini. Wengi wetu tukisikia hivyo tunaona mateso: saa zote hizo, kwa mshahara kiduchu, na bado kuna mtihani. Vijana wa huko nao wanalalamika, na wana haki, maana wapo wanaomlipa msimamizi kutoka mfukoni mwao. Lakini chukua kalamu ujiulize nani anajua ulichomwambia mteja wako wa Jumanne. Kama ulimkatiza, kama ulimpa ushauri uliokufaa wewe kuliko yeye, kama ulikasirika kwa sababu alifanana na baba yako, nani atakuambia? Draya ilikuwa inawaka.

Igeuze na upande wa mteja. Daktari akimfanyia mgonjwa uchafu, lipo baraza la kumwita na kumfuta jina. Binti akija kwako na uchungu wake, ukamtumia ujumbe usiku wa kumwomba mkutane sehemu tulivu, atakushtaki wapi? Polisi, kama ni jinai. Kama si jinai, atamwambia rafiki yake, na rafiki atamshauri asirudi. Wewe utaendelea na kazi kesho asubuhi. Jina lako haliwezi kufutwa kwa sababu halijaandikwa popote. Tumezoea kuihesabu hali hii kama usumbufu unaotupata sisi, wenye vyeti visivyo na pa kuvipeleka. Anayeumia zaidi amekaa kwenye kile kiti kingine.

Ipo siku, na itakuja mapema kuliko ulivyotarajia, mtu atakuambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amechoka kuishi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inataja jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo anakueleza jambo ambalo hathubutu kumweleza hata mjumbe wa nyumba kumi. Siku hiyo hakuna kejeli. Usimwache peke yake, muulize waziwazi, tafuta ndugu mmoja anayemwamini, nendeni naye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mount Meru. Mkishafika na akapokelewa, wewe utatoka nje mpaka getini na mikono itakuwa inatetemeka, na utafungua simu kutafuta jina la kumpigia. Jina hilo ndilo hatua ya pili. Uwe umelipata kabla ya siku hiyo.

Daftari lako pia lina mambo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume, kwa hiyo hapa, hatimaye, ipo ofisi yenye rejista inayokuhusu, ingawa inachokitazama ni daftari. Na Sheria ya Ushahidi inamlinda wakili asilazimishwe kusema aliyoambiwa na mteja wake; mnasihi hatajwi. Andika kwa kifupi. Majina weka kwingine.

Msimamizi utampata wapi? Achana na waliokwenda kusoma nje wakarudi na ada za dola. Mtafute muuguzi mstaafu wa afya ya akili. Arusha wapo, wengine walipita Mirembe, Dodoma, enzi ambazo wodi moja ilikuwa na wauguzi wa kuhesabika na wagonjwa wasiohesabika. Utamkuta anapalilia migomba au anauza maziwa. Nenda na sukari na majani ya chai, umwamkie, ukae, usiseme shida yako mpaka mle. Mwombe saa moja kwa mwezi. Atakuambia yeye hajui hiyo saikolojia yenu ya siku hizi. Mweleze kisa kimoja, bila jina. Atanyamaza, ataita mtoto aje atoe sufuria jikoni, kisha atakuuliza swali moja ambalo wahadhiri wako wote hawakuliuliza, kwa mfano, huyo mama analala saa ngapi.

Pamoja naye, tafuta wenzako. Kuna mmoja Kijenge anayejitolea kwenye shirika, mmoja Usa River anafundisha sekondari na kunasihi jioni, mmoja ameajiriwa hotelini mapokezi ila cheti chake hajakiuza. Mkutane Jumamosi pale Kwa Iddi, kila mmoja na kesi yake, mle ndizi nyama, mkosoane. Wiki za mwanzo mtasifiana tu. Siku mtu wa kwanza atakapokasirika na kuondoka bila kulipa, jueni kikao kimeanza kufanya kazi. Hakitambuliwi na mtu. Lakini bodi zenye majengo na mihuri huko duniani zilianza na watu wachache waliokasirishana mezani, wakaandikiana kanuni, wakaenda kuzipigia kelele bungeni, na nyinyi wabunge mnao.

Hatua ya mwisho: kuwa mzoefu

Utakuwa na kama mwaka mmoja kazini, kodi ya fremu umechelewa, draya ya jirani imeharibika, na hapo ndipo atakapoingia binti wa chuo na bahasha ya kaki.

"Shikamoo."

Utageuka nyuma kuangalia anayeamkiwa ni nani.

Ametumwa kufanya fildi. Chuo kinataka asimamiwe na mnasihi mzoefu, ajaziwe fomu kila wiki, na fomu igongwe muhuri wa ofisi. Amezunguka afya, ustawi na elimu, na dada wa ustawi ndiye aliyemwelekeza kwako. Alisema unayo leseni, aliiona ukutani.

Utataka kumweleza ukweli. Mweleze, ila mwambie akae kwanza, na umpe chai. Muhuri unachongwa siku hiyo hiyo mjini, uwe na jina la ofisi na nafasi ya tarehe. Mwambie arudi kesho na fomu nakala mbili, moja ibaki kwako. Na Jumamosi saa nne kamili awe kwa bibi muuguzi, asije mikono mitupu, na aje na kisa kimoja kilichomshinda.